Vitabu Sitini na Vitatu vya Mwalimu Nestori

Mwanangu Rukia,

Barua za kwetu Tanga huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: muda mfupi uliopita umeshuka ngazi za ghorofa nne pamoja na mama yako, mkibishana kama blanketi la Cape Town liwe zito au jepesi, na sauti zenu nimezisikia mpaka mlipofika chini. Mmekwenda mjini kwenye maduka ya jumla, na kwa jinsi mawingu yalivyo, hamtarudi kabla mvua ya mawe haijapita. Nina saa mbili za utulivu, meza, na kompyuta yako uliyoniachia.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kabla ya mtihani na kutotoa simu barabarani. Mama yako ameyaandika hayo yote katika karatasi tatu, akazikunja ndani ya soksi zako. Mimi nakuandikia jambo jingine, na nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole na mahali pengine utanung'unika. Kwa Kiingereza tungebishana, nami nikibishana hutaka kushinda. Leo sitaki kushinda.

Wiki iliyopita uliniomba kitu kidogo.

"Baba, ile list yako ya vitabu iliyo mtandaoni, nigeuzie iwe faili la bibliografia."

"Katalogi," nikakusahihisha. "Orodha ni ya sokoni."

"Yoh! Katalogi, Mheshimiwa Mhitimu. Nataka kuiweka kwenye programu ya marejeo ya chuo. Nikitaja kitabu kwenye insha, kijiandike chenyewe."

"Mpe mtoto faili lake," mama yako akasema bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "kabla hujamtolea mhadhara."

Mhadhara niliutoa hata hivyo. Ulicheka, nami nikafurahi, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika jengo hili anayeniita mhitimu hata kwa kejeli. Shahada yangu ya ukutubi niliisomea kwa masafa, langoni, kati ya gari linaloingia na gari linalotoka. Katika darasa letu nilikuwa miongoni mwa vijana. Pale ninapolinda naitwa mzee. Ile picha ya joho iliyo ukutani unajua naitazama kila ninapovaa sare ya kazi. Nina kiburi, Rukia. Sikukificha kwako na sitaanza leo. Lakini unajua tu nusu ya mahali kilikotoka.

Nilianza kazi ya kugeuza siku ileile. Wewe utakuja kuifanya kazi hii mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo nisikilize kama mtu wa fani. Tovuti ya katalogi hukutolea jedwali: kila kitabu mstari wake, kila taarifa safu yake. Programu ya marejeo haitaki jedwali. Inataka kila kitabu kiwe na fungu lake ndani ya mabano ya mawimbi, na ndani ya fungu kila taarifa iwe na lebo: mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka. Katikati kuna kigeuzi, ambacho hukuonyesha safu zako upande mmoja na lebo zake upande mwingine, na wewe unaunganisha. Siku mbili nzima niligombana nacho kuhusu majina. Kilidhani kila mwandishi duniani ana jina la ukoo, kikawapanga watu wa pwani kwa majina ya babu zao. Mama yako alinikuta nikikifokea. "Sasa unabisha hata na mashine," akasema.

Siku ya tatu kila safu ilikuwa imepata lebo yake isipokuwa moja. Kigeuzi kikaniandikia, kwa adabu kabisa, kwamba safu ya "maelezo binafsi" haina mahali pa kwenda, kwamba itaachwa, na kwamba nibonyeze nikitaka kuendelea.

Safu hiyo hujapata kuiona. Tovuti humwonyesha mwenye katalogi peke yake. Wageni wanaotembelea ukurasa wangu, wale wasionijua wanaoandika "maktaba nzuri sana, kaka," huona vitabu mia nne na kumi na nane na jina langu juu yake. Mimi pekee naona kwamba kwenye mistari sitini na miwili, mwishoni kabisa, nimeandika neno moja na herufi mbili: Amana, M.N.

Nilibonyeza. Faili likatoka safi, mafungu mia nne na kumi na nane, wala hakuna M.N. hata mmoja. Nilikuita ulione. Ukanikumbatia kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ukiwa tayari unalipakua.

"Sharp, Baba! Na vyote hivi ni vyako?"

Nikakujibu: "Vyote vimo humu ndani."

Jibu hilo lilikuwa kweli, na nililichagua kwa sababu lilikuwa kweli. Watu wanaosoma sana hupata ujuzi huu, nawe utaupata: kuwaambia watu jambo la kweli ili wasiulize jambo lenyewe.

M.N. ni Mwalimu Nestori. Wewe ulimwita babu, mara moja tu, na huenda umemsahau.

Mwaka ule wageni walipofukuzwa mtaa wa Alexandra, katika mji huuhuu, wewe ulikuwa unatambaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mume wa mtu na baba wa mtu, nimefika hapa Hillbrow kutoka Tanga na begi moja, na ubishi niliojifunza kwa kusikiliza wakubwa, bila kitabu. Mwalimu Nestori alikuwa Mrundi aliyefundisha shule kwao. Huku alifagia ghala, na Jumapili akauza vitabu vikuukuu kando ya ngazi za kanisa moja la mjini. Mimi sikuwa mnunuzi. Nilikuwa nasimama kwenye turubai lake kubishana naye, naye akinistahimili kwa sababu, alisema, kijana anayebisha bila kusoma ni kama gari lenye honi tu.

Jioni moja ya zile alibisha mlango wetu. Alikuwa na toroli la dukani lisilo la duka lolote tena, na juu yake masanduku matatu ya ndizi yaliyojaa vitabu. Chumba chake huko Alexandra kilikuwa kimevunjwa. Alikuwa ameacha godoro, jiko na nguo, akasukuma vitabu.

"Nitunzie," akasema. "Naenda Cape Town na lori. Si zawadi, Shabani. Ni amana. Neno hilo unalijua kuliko mimi, mnafundishwa madrasani."

"Nalijua, Mwalimu."

"Bon. Na usivifunge tu. Visome. Kitabu kisiposomwa kinaoza kama muhogo."

Vilikuwa sitini na vitatu. Tulivihesabu pamoja, kwa sababu yeye alikuwa mwalimu na mimi nilitaka aone kwamba najua uzito wa neno. Mama yako alivisukuma chini ya kitanda. Na kwa miaka iliyofuata, kila nilipokwenda langoni nilikwenda na kimoja. Kila kitu unachokijua kuhusu baba yako kilianzia kwenye yale masanduku. Vingine vyote, mia tatu na hamsini na kitu, nilivinunua mimi, kimoja kimoja, kweli. Lakini nilivinunua kwa sababu ya vile.

Nilipoanza katalogi, nikipiga picha namba za nyuma ya vitabu kwa simu, niliandika "Amana, M.N." kwa moyo safi. Nataka uliamini hilo. Nilikuwa naweka kumbukumbu ili siku akija nimkabidhi bila kusita.

Alikuja. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa katika mwaka wa kwanza wa shahada, na wageni wa mtandaoni walikuwa wameanza kuniita mtu wa vitabu. Alikuwa amekonda, amevaa koti la mvua, mkononi ana begi kubwa lililokunjwa, jipya, lebo ya duka bado inaning'inia. Mama yako alimwekea chai. Tukazungumza habari za huku na huko, kisha akalikunjua begi magotini.

"Basi, Shabani. Nimepata chumba chenye ukuta mkavu."

Nami, badala ya kupiga magoti na kuvuta masanduku, nikaanza kujadili.

Nilimwambia kwamba kitabu, kinyume na sufuria, hakimilikiwi kwa kuwa nacho. Nikamwuliza nani amevisoma. "Wewe," akasema, akicheka, akidhani ni michezo yetu ya zamani ya kwenye turubai. Nikamwuliza nani amevianika ukuta ulipovuja, nani amevigundisha migongo. "Wewe," akasema, hacheki tena. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe alinifundisha kuwa kisichosomwa huoza. Basi aliyekiokoa kisioze ana haki gani? Nilikuwa hodari, Rukia. Hoja zilikuja zimepangika. Yeye akasema tu, "Lakini nimekuja na begi."

Ndipo nikasema neno ambalo nimeshindwa kulitubia miaka yote hii. Nilisema: "Mwalimu, una karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni vyako?"

Unajua foleni nilizosimama katika mji huu kwa ajili ya karatasi. Umewahi kuwa nami kwenye foleni hizo, umelala begani kwangu. Unajua jinsi mtu anavyoulizwa kithibitisho cha mwanawe, cha ndoa yake, cha kuzaliwa kwake, na anayeuliza ameketi. Mimi, niliyeulizwa hivyo, nilimwuliza hivyo mtu aliyeikimbia nyumba mara mbili katika maisha yake.

"Karatasi?" akasema. "Na wewe pia?"

Alichukua kimoja. Sarufi ya Kifaransa, ambayo pembezoni mwake ilikuwa na mwandiko wa marehemu mkewe. Akakitia ndani ya lile begi kubwa, kikazama chini kama jiwe, akalikunja begi juu yake. Chai hakuigusa. Baadaye uliniuliza kwa nini babu hakunywa chai yake, nikakwambia ilikuwa na sukari nyingi.

Lakini kabla hajainuka wewe ulitoka nyuma ya pazia na atlasi.

Ninaifahamu atlasi hiyo kama unavyoifahamu wewe: jalada la bluu, kona zimeliwa, mito yote ya Afrika umeipaka rangi kwa kalamu zako. Nilikupa ukiwa na miaka mitano, siku uliyokuwa na homa. Niliitoa sanduku la pili. Wewe ulimwendea Mwalimu kwa sababu alikuwa mgeni na kila mgeni ilikuwa lazima aione.

"Babu, tazama. Huu ni Naili. Unaanzia hapa, ziwani."

Aliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona uso wake ulipoitambua. Alifungua ukurasa kwa kidole cha mtu anayejua ukurasa ulipo. Nikangoja aseme. Sikuwa na hoja ya atlasi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Umepaka vizuri," akakwambia. "Ila umeuacha mfupi. Nipe penseli."

Akachora kijistari chembamba, kutoka ziwani kushuka kusini mpaka kwenye nchi ndogo ambayo kalamu yako ilikuwa imeiruka. "Wenzetu wanabishana," akasema, "lakini sisi kwetu tuna chemchemi yake. Mto ukiupaka rangi, anza kwenye chemchemi." Akakurudishia atlasi, akakushika kichwa, akaondoka.

Tangu siku ile uliupaka kila mto kuanzia kwenye chemchemi. Na mwaka jana ulipoandika insha ya kuomba ufadhili, sentensi yako ya kwanza ilikuwa kwamba unataka kuchora ramani kwa sababu baba yako, mlinzi wa lango, alikununulia atlasi kwa mshahara wake. Ulinipa niisome kabla ya kuituma. Nilisoma sentensi ile. Nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha mkato mmoja, nikakurudishia.

Mkato, Rukia. Sentensi nzima ya uongo mbele yangu, nami nikatengeneza mkato.

Sikukudanganya kwa mdomo. Wewe ulikisia na mimi nikakuacha ukisie, kwa kuwa mlinzi anayenunua atlasi kwa mshahara wake nilimpenda kuliko mimi. Nafasi uliyoipata ni yako. Alama ni zako, ramani ulizochora ni zako, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini unaondoka nyumbani ukiwa na hadithi yangu kama msingi wa hadithi yako, na sikutaka uigundue siku moja mbele ya watu, ukiwa unaitetea. Nakujua. Ungeitetea kwa ukali wangu.

Baada ya kukupa lile faili safi sikukaa vizuri. Jumanne nilimwendea mama mmoja wa Kirundi auzaye mboga karibu na lile kanisa, nikamwomba namba. Alinipa bila kuniuliza karatasi. Nikapiga simu nikiwa pale pale kando ya kabichi zake, ili nisipate nafasi ya kupanga maneno.

"Allo?"

"Mwalimu, ni Shabani. Shabani wa Hillbrow."

"Shabani wa hoja?"

"Ndiye."

"Bado unabisha?"

"Leo sibishi, Mwalimu."

"Alors, umezeeka." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikangoja kiishe.

"Nataka kurudisha vitabu. Viko salama."

"Viko vingapi?"

"Sitini na kimoja."

"Niliacha sitini na vitatu. Kimoja nilikichukua siku ile."

"Ndiyo."

"Basi kuna kimoja kingine."

Mama wa mboga alikuwa anajifanya kupanga nyanya.

"Yule mtoto wa mito," Mwalimu akasema, "hajambo?"

"Hajambo. Jumapili anakuja huko kwenu, chuoni. Anasomea ramani."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili, kama mtu anayeketi. Kisha akasema, "Sawa. Sitini na kimoja. Hesabu imetimia."

Ungeweza kuniambia kwamba yameisha hapo: mwenye mali ametoa, aliyepokea amepokea. Hata mimi nilianza kujiambia hivyo nikiwa njiani kurudi, na hoja ilikuwa nzuri, mpaka niliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale kona nikaitambua. Mara ya kwanza aliniruhusu kusoma, nikaufanya upole wake kuwa hati ya umiliki. Sitaufanya tena mara ya pili kwa niaba yako.

Kwa hiyo leo mchana nimeigeuza katalogi upya. Kuna lebo ya dokezo katika faili la bibliografia. Ilikuwepo wakati wote, sikutaka kuiona. Nimeiunganisha na safu ile ya mwisho. Faili jipya liko kwenye kompyuta yako, mahali pa lile la zamani, ambalo nimelifuta. Ukilifungua utaona kwamba mafungu sitini na moja yana mstari wa ziada: "Mali ya Mwalimu Nestori. Alikisukuma kwa toroli kutoka Alexandra." Programu yako itavichapa vitabu hivyo kwenye insha bila mstari huo, kwa kuwa hakuna mtindo wa marejeo unaouliza nani alikitunza kitabu kwa ajili ya nani. Lakini wewe utauona kila utakapofungua fungu.

Fungu moja sikulijaza. Ni lile la atlasi. Lebo ya dokezo ipo, mabano yako wazi, ndani hamna kitu. Usidhani ni mtihani. Nimelitazama sana fungu hilo na kwa mara ya kwanza tangu nianze katalogi sijui kinachopaswa kuandikwa. Nilichokuwa nacho cha kusema juu yake nimekisema katika barua hii, na yeye amesema chake kwa simu. Wewe ndiye uliyeipaka rangi, na ndani yake kuna kijistari cha penseli kisicho chako. Mtaelewana ninyi wawili.

Mvua imeanza. Nasikia mawe juu ya bati la duka la chini, na watu wanacheka huku wakikimbia. Mtakuwa mmejibanza mahali, wewe na mama yako, blanketi likiwa zito, maana mama yako hushinda.

Jambo la mwisho. Masanduku matatu nimeyafunga kwa kamba na kuyashusha, yako kwa mlinzi wa jengo. Sikutumi wewe kuyapeleka. Haifai mtoto atumwe kurudisha alichokificha baba yake. Nimeomba ruhusa ya siku nne kazini na nimekata tiketi ya pili. Kesho alfajiri nitakupa barua hii mara basi litakapoondoka, kisha nitarudi kwenye kiti changu, viti vitatu nyuma ya chako. Njia ni ndefu. Ukimaliza kusoma, usigeuke upesi. Fungua kwanza begi ulilolipakata, utoe atlasi, utazame ukurasa wa Naili.

Mimi nitakuwa nyuma yako, na masanduku matatu, bila hoja.

Baba yako,
Shabani